Korongo wa Bwawa la Tatu

Tarehe 3 Februari

Chiriku ameshinda. Mdogo wangu, achia hiyo cherehani ukae vizuri: mwanangu, kitinda mimba wangu, picha yake imekuwa ya kwanza kati ya picha elfu moja na mia nne za nchi nzima, na mimi mama mzazi nimeisoma gazetini kama mpita njia.

Sasa salamu. Hujambo? Shemeji hajambo, na ile miguu yake imeacha kuvimba? Ningekupigia simu, lakini simu yako kila siku iko kwa fundi, na habari kubwa inataka karatasi. Sisi hatujambo sana. Mkwe wangu amejifungua wiki iliyopita, mtoto wa kiume, mjukuu wangu wa kwanza, kilo tatu na nusu, na masikio ya babu yake, maskini, ila atayakulia. Pale shuleni nipo vilevile na masufuria yangu matatu na watoto mia nne, na haijapita siku wakasema mpishi ameunguza.

Ilikuwa hivi. Saa nne asubuhi mwalimu wa jiografia aliingia jikoni na gazeti, akaniuliza kama huyu si yule binti yangu wa idara ya maji. Nikatazama, nikaona jina letu la ukoo limeandikwa bila kosa hata moja. Mwiko ukaniponyoka ukazama kwenye uji. Watoto walikunywa saa tano siku hiyo na sijutii.

Hiyo picha, kama hujaiona, ni kinda wa korongo anaoga. Bado ana yale manyoya ya kitoto ya kahawia, kichwani yamesimama kama mtu aliyeamshwa vibaya. Amechuchumaa majini na ile miguu yake mirefu imepotea kabisa, mbawa amezifungua kama mwavuli uliogeuzwa na upepo, na matone yametawanyika juu yake kama shanga zilizokatika uzi. Jicho moja linakutazama. Ukilitazama na wewe unaona haya, kama umefungua mlango wa bafu la watu.

Ila kuna kitu kimenikwama kooni. Kwa nini sikuambiwa, na anakaa kwako? Huyu mtoto tangu alipojua kusema hajafunga mdomo, ndiyo maana tukamwita Chiriku, halafu leo anashinda nchi nzima anakaa kimya? Na chini ya picha za wenzake wote wameandika mahali zilipopigwa. Ya kwetu wameacha wazi.

Mimi nimewaambia walimu ni kwenye chemchemi. Mtu wa idara ya maji atakuwa wapi kama si kwenye chemchemi? Nimewaambia mji wenu mzima unakunywa kwa mkono wa mwanangu. Sasa nina ombi dogo. Nijazie dumu moja la maji yale yale ya kwenye picha, ulitume kwa basi, nimwogeshee mjukuu wangu. Mtoto akianza na maji yaliyoshinda nchi nzima, atakosaje kuwa mtu?

Ni mimi dada yako, na kuanzia leo mama wa mshindi.


Tarehe 24 Februari

Dada yangu,

Barua yako ilifika tarehe nane na nimechelewa kwa sababu ya sare za shule, sketi mia moja na ishirini, na kitambaa walichonipa kinachanika ukikitazama. Nisamehe. Shemeji yako miguu inashuka ikipanda, lakini anakula. Hongera sana kwa mjukuu. Masikio makubwa ni ya watu wasikivu, na katika ukoo wetu huyo atakuwa wa kwanza.

Picha tumeiona. Nikwambie alivyoipiga, maana najua mwenyewe hajakusimulia. Asubuhi kumi na moja mfululizo, kabla ya zamu yake, alikuwa analala kifudifudi kwenye ukingo juu ya gunia, kamera ameifunika kitambaa cha kijani nilichomkatia kwenye mabaki ya sare. Hiyo kamera ni ile ya mtumba, kifuniko chake cha betri kimefungwa kwa raba. Walikuwa makinda watatu. Wawili walisharuka, akabaki huyu mmoja mzito wa kuondoka. Jua likigusa bwawa la tatu anateremka, anatia mguu mmoja, anautoa, anautazama kama mtu aliyepima maji ya beseni akaona bado. Anautia tena. Halafu ghafla anakaa mwili mzima, anatumbukiza kifua, anapiga mbawa. Siku ya kwanza Chiriku alicheka, ndege akakimbia, kazi ikaishia hapo. Siku ya kumi na moja alijifunga leso mdomoni. Unamjua mwanao. Kwake ugumu wa ile picha haukuwa baridi wala matope, ulikuwa kunyamaza.

Maji hayasafiri vizuri kwenye basi, dada. Mwogesheni mtoto kwa maji ya bomba ya huko huko, yanatosha. Kuhusu mahali, ni vizuri umuulize mwenyewe.

Mdogo wako anayekupenda.


Tarehe 10 Machi

Kwako mdogo wangu uliyeninyima maji,

Hatujambo, usihangaike kuuliza. Mjukuu ameanza kucheka, na anacheka kwangu tu, mama yake shahidi.

Nimemuuliza mwenyewe kama ulivyosema. Nilimwandikia kurasa tatu, akanijibu mistari minne: hajambo, kazi nyingi, picha ni kitu kidogo, nisimwambie kila mtu. Mtoto aliyekuwa akiniandikia kurasa nane kunieleza nauli imepanda. Nimewaza kila kitu, hata nikawaza kuna mwanaume anayemfunga mdomo. Kama yupo niambie, nije.

Nisimwambie kila mtu, anasema. Nimeshamaliza. Mwalimu mkuu ameikuza picha, wameitundika ofisi ya walimu juu ya ratiba, fremu nzuri ya aluminiamu. Mgeni akiingia naitwa kutoka jikoni kueleza, nakuja na aproni yangu, naeleza chemchemi ilivyo na miti inavyoinama. Hata Mzee wa Tangi, yule jirani aliyekuwa akiendesha gari la kunyonya majitaka, alisimama nje ya geti langu akaomba kuona ile ya gazetini. Nilimwonyesha kwa mbali, unajua tena.

Sasa sikiliza. Dereva wa basi aliyekuletea barua hii ni mzazi pale shuleni. Nimempa dumu la lita tano, jipya, nimelisugua mwenyewe kwa sabuni na mchanga. Lijaze arudi nalo. Na kama wewe una sababu zako, nimemwambia aende moja kwa moja idara ya maji aulize bwawa la tatu, aseme ametumwa na mama yake Chiriku. Sioni watakataa.

Dada yako.


Tarehe 14 Machi

Dada, usimwogeshe mtoto maji yoyote yatakayotoka huku. Dumu lako liko mezani mbele yangu na litarudi tupu. Dereva nimemzuia kwa mkono wangu.

Nilikula kiapo nisikuambie, na leo nakivunja. Chiriku hafanyi kazi kwenye chemchemi. Anafanya kazi kwenye mabwawa ya majitaka ya mji huu, mwaka wa nne sasa. Kinachotoka vyooni, kinachotoka jikoni kwangu, kinachotoka hospitali na sokoni, chote kinamwendea yeye. Hakukudanganya, ni idara ile ile ya maji, ila ni mlango wa nyuma.

Alianzia kwenye wavu wa chuma pale maji yanapoingia, ameshika reki, anatoa matambara na mifuko. Mara moja walitoa meno ya bandia, wakayaosha wakayaweka kwenye dirisha la mlinzi, mwenyewe hajatokea mpaka leo. Sasa ndiye msimamizi. Ana watu sita chini yake, anafungua na kufunga milango ya maji, anachukua maji ya kupima kwenye chupa kila asubuhi. Bwawa la kwanza ni jeusi na lina ukoko juu. La pili linatulia. La tatu ni la mwisho kabla ya mto, na ndipo huyo korongo alipokuwa anaogea. Ovaroli zake nafua mimi. Mwaka wa kwanza nilikuwa nafungua madirisha yote, siku hizi nasahau.

Utauliza kwa nini alikuficha. Nilimuuliza hivyo hivyo, akanisimulia habari ya kikombe. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mzee wa Tangi alipita kwako wakati wa joto akaomba maji, ukampa, akanywa, akashukuru, akaondoka. Ukamwita Chiriku ukamwambia akakivunje kile kikombe nyuma ya nyumba na vipande avizike. Alivizika yeye, dada. Nami nimebaki na maneno yake, nakuandikia kama alivyoyasema: "Mama mdogo, nikimwambia mama kazi yangu, siku nikienda nyumbani atanipa maji kwenye kikombe gani?"

La mwisho, na ndilo la haraka. Waamuzi wa mashindano hawatoi zawadi mpaka mshindi aandike mahali picha ilipopigwa. Wanataka kwenda kuhakikisha, kwa sababu wapo watu wanaowafunga ndege kamba. Na mahali hapo patachapishwa chini ya picha, kwenye kalenda itakayotundikwa maofisini nchi nzima. Mwisho wa kujaza fomu ni tarehe 31 Mei. Asipojaza, ushindi unakwenda kwa wa pili, na jina lake linafutwa. Sherehe ni Jumamosi tarehe 14 Juni, jioni, ukumbini. Fomu iko chini ya godoro lake. Anasema bora ushindi upotee kuliko wewe ukutane na hilo neno ukutani mbele ya watu wako.

Nimesema. Sasa nitapigana na mwanao.

Mdogo wako.


Tarehe 25 Aprili

Dada,

Ni wiki sita. Nimemuuliza dereva, akaniambia barua alikukabidhi mkononi, kwamba uliisoma umesimama, na hukumwambia hata karibu. Kama umenikasirikia, niandikie kwa hasira, nitapokea.

Chiriku anajua nimekuambia. Hakunigombeza, na hilo ndilo linanitisha. Anarudi kazini, anakula kidogo, anaosha sahani yake mwenyewe na kuiweka peke yake kando ya vyombo vyetu. Sikumwambia afanye hivyo. Kamera hajaigusa tangu mwezi uliopita. Fomu bado iko palepale.

Shemeji yako anakusalimu.


Tarehe 8 Mei

Mdogo wangu,

Sikufa. Salamu utazikuta mwishoni nikipata nguvu.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni pa jiko, nikaisoma tena nimekaa kwenye gunia la maharage, mara ya tatu sijui nilikuwa nimekaaje. Masikio yalivuma kama nimepigwa kofi. Wanafunzi walinipita wakanisalimia, nikawajibu, lakini aliyejibu hakuwa mimi. Nilichofanya kwanza ni aibu ila nitakuambia: nilikwenda ofisi ya walimu nikaiondoa picha ukutani, nikasema mchwa wameingia kwenye fremu. Fremu ya aluminiamu. Hakuna aliyeniuliza.

Nikakukasirikia wewe wiki mbili. Nilipochoka na wewe nikamgeukia yeye. Miaka minne akija likizo ananisikia ninavyojisifu kwa watu, anakunywa chai yake, ananyamaza. Na kila akija ananukia sabuni, nami nikawa nawaambia majirani mnaona mtoto niliyemlea, msafi hivi. Niambie ukweli, alikuwa anajisugua muda gani kabla ya kupanda basi? Hapana, usiniambie.

Lakini ya mabwawa yote hayo yalinishtua nje. Kilichonishtua ndani ni kikombe. Mdogo wangu, nilikuwa nimekisahau. Nimesahau kama mtu anavyosahau alikula nini Jumanne. Nilikaa siku tatu nikisema Chiriku ametunga, halafu siku ya nne nikiwa naosha mchele rangi yake ikanijia. Kilikuwa cha bluu, na ua jeupe pembeni, kizuri. Nikakumbuka na nilivyosema. Nilimwambia vipande avivunje vidogo vidogo. Yaani mimi nimetembea na neno hilo miaka kumi na sita halijanilemea hata kidogo, na aliyelibeba ni mtoto.

Baada ya hapo sikulala vizuri, na kazini nikaunguza. Ndiyo, nimeunguza, mara mbili, waambie.

Wiki iliyopita nikaichukua picha nikaenda kwa Mzee wa Tangi. Nilimkuta nje anakaza mguu wa kiti. Alinipa hicho kiti nikae, akachukua chupa yake ya chai akajimiminia, akanywa. Mimi hakunikaribisha. Nikaona ni haki yake, ingawa koo lilikuwa kavu. Nikaanza kumweleza habari ya siku ile, na yeye akanizuia kwa mkono. Akasema, "Mama, nilikisikia kikipasuka. Nilikuwa sijafika hata kwenye geti la jirani."

Nilikosa pa kuweka uso. Miaka kumi na sita mtu huyu ananiamkia kila asubuhi, ananiuliza hali ya watoto, na anajua. Akaniambia tangu siku ile hajaomba maji kwa mtu. Ndiyo maana ya hiyo chupa. Sikulia pale, nililia njiani.

Kabla sijaondoka aliniomba picha, akavaa miwani, akaitazama muda mrefu. Akasema aliyepiga hii alikuwa amelalia tumbo kwenye udongo, mtu wa ofisini hapigi picha kutoka chini namna hii. Nikamuuliza kama ni kweli ndege anaweza kuoga mahali kama pale kwa hiari yake. Akacheka. Akasema bwawa la kwanza hata nzi anafikiria mara mbili, la pili ni la kungoja, ila wao zamani wakifika wakakuta ndege anaoga la tatu, walikuwa wanajua maji yametakata, leo mkubwa hagombezi mtu. Mkubwa mwenyewe, dada yako nakuambia, sasa ni mwanangu. Ana watu sita. Hukunieleza vizuri hapo, uliandika kama jambo la kupita.

Juzi nimeirudisha picha ukutani. Wakati wa chai, walimu wote wakiwepo, nikasema chemchemi nilitunga mimi, hii imepigwa kwenye mabwawa ya majitaka na msimamizi wa mabwawa hayo ndiye binti yangu. Mwalimu wa hesabu akaziba pua kwa utani. Nikamwambia mwalimu, wewe na hiyo pua yako mmekuwa mkimpelekea mtu kazi kila asubuhi tangu uzaliwe, na sijasikia umesema asante. Wakacheka, na yeye akacheka, akaja kuitazama tena kwa karibu. Mke wa mwalimu mkuu hakucheka. Siku hizi chakula changu anasema amekwisha kula nyumbani. Basi, najua alipo, nilikuwa hapo hapo mwezi wa pili.

Sasa Chiriku. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi yake, mpe ikiwa imefungwa. Nimemwambia aitoe fomu chini ya godoro aandike mahali, kwa maneno yote, asifupishe: mabwawa ya majitaka, bwawa la tatu. Zimebaki siku ishirini na tatu na barua inafika kesho kwa dereva, kwa hiyo hana kisingizio. Nimemwambia mimi mama yake nitaitundika hiyo kalenda jikoni, sebuleni na kwa mkwe. Samahani yenyewe sikuiandika. Nilianza mara nne nikachana mara nne, haikai kwenye karatasi. Hiyo nitaisema kwa mdomo, mimi na yeye, na sitaki mtu awe karibu, hata wewe. Kama atanikubalia sijui. Ana haki ya kujimiminia chai yake akanitazama.

Na ile sahani yake anayoiweka kando, irudishe kwenye vyombo vyenu leo hii, na usimwambie ni mimi nimesema.

Umesema sherehe ni jioni ukumbini. Sisi ukumbi tutaufikia jioni, asubuhi tutakuwa mabwawani. Tunakuja mimi, mkwe, mjukuu ambaye anaogeshwa maji ya bomba na amenenepa, na mwalimu wa jiografia ambaye amejialika mwenyewe. Mzee wa Tangi nilimwomba nikitegemea atakataa, akafikiri, akasema atakuja kama atakaa dirishani. Ndege kama amesharuka, sawa, tutatazama maji. Niazimie mabuti ya mpira namba saba, maana nitakanyaga hapo hapo anapokanyaga yeye. Na asiombe ruhusa, mwambie. Avae ovaroli yake, nataka nimkute kazini.

Salamu kwa shemeji na miguu yake. Usipike sana, ila pika. Tutafika wote kwa basi la kwanza, Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni.